Mbawakawa ndani ya robota: maswali na majibu kuhusu sumu inayoua farasi

Jioni farasi alikuwa mzima. Alfajiri anakutwa anagaagaa, jasho linamtiririka, anakojoa matone yenye damu, na katika hori lake kuna lusini (alfalfa), majani ya malisho ya jamii ya kunde, ya kijani na yenye harufu nzuri. Wafugaji wa Texas, Oklahoma na Kansas, huko Marekani, wanaijua hali hii vizuri, na madaktari wa mifugo wa Oklahoma walikuwa wakiiandika katika majarida ya tiba tangu miaka ya 1970. Mara nyingi mwenye farasi hashuku malisho hata kidogo, maana amenunua majani ya bei ya juu kuliko yote sokoni. Ndiyo sababu naona suala hili, la mbawakawa wenye sumu wanaofungwa ndani ya marobota ya majani makavu, linastahili kuelezwa taratibu na kwa lugha tunayoelewana.

Ni mdudu gani huyo?

Ni mbawakawa wa jamii ya Meloidae. Huitwa mbawakawa wa malengelenge kwa sababu majimaji ya mwilini mwao yakigusa ngozi, lengelenge huinuka. Wanaoua farasi Marekani ni wa kundi la Epicauta: wembamba, urefu wa sentimita 1 hadi 2 na ushee, mabawa laini yasiyo na ugumu wa mbawakawa wengine, na shingo nyembamba kuliko kichwa. Hiyo shingo ndiyo alama nzuri ya kumtambulia. Wapo weusi tititi, wapo wa kijivu, na wapo wenye mistari ya njano na nyeusi inayoshuka mgongoni. Wenye mistari ndio wa kuogopwa zaidi, kwa wingi wa sumu na kwa tabia yao ya kukaa makundi makundi.

Sumu yenyewe inaitwa kantaridini. Mkemia Mfaransa Pierre Robiquet aliitenga mwaka 1810 kutoka kwa ndugu yao wa Ulaya. Dume ndiye anayeitengeneza, kisha humpa jike wanapojamiiana, na jike huitumia kulinda mayai yake yasiliwe.

Mdudu ameshakufa na kukauka. Sumu haijaisha?

Haijaisha. Ukitoka hapa na jambo moja tu, liwe hili: kifo cha mdudu hakipunguzi chochote. Jua la kukaushia majani haliiondoi kantaridini. Robota likikaa ghalani mwaka mzima, sumu imo. Majani yakisagwa na kubanwa kwa joto kuwa chakula cha vidonge, bado imo. Mdudu akipondwa hadi asionekane, majimaji yake yamekauka juu ya majani na farasi atayala pamoja nayo.

Vivyo hivyo kwa shamba lililopuliziwa dawa ya wadudu. Dawa huua mbawakawa, lakini mizoga inayonasa kwenye mashina hufungwa ndani ya robota kama kawaida. Mfanyabiashara akikwambia, "Shamba hili lilipigwa dawa," hajakuhakikishia usalama wowote.

Wanaingiaje humo?

Mbawakawa aliyekomaa anapenda maua. Lusini ikichanua, au magugu yenye maua yakiota katikati yake, wadudu hawa hutua kula chavua, nekta na petali. Hawajitawanyi shamba zima, hujikusanya mahali pamoja, mara nyingi pembezoni, mamia kwa maelfu katika eneo dogo.

Zamani majani yalikatwa kwa mashine yenye meno tu. Yakilala chini, mbawakawa hushtuka, huyaacha na kwenda zao. Kisha ikaja mashine inayokata na kuponda mashina kwa mpigo mmoja, kwa kuyapitisha kati ya rola mbili, ili yakauke upesi. Kwa mkulima ni faida kubwa, kwani majani hayanyeshewi wala hayapotezi rangi. Lakini rola hizo humponda na mbawakawa pale pale alipo, hana nafasi ya kuondoka. Magurudumu ya trekta yakipita juu ya majani mabichi yaliyolazwa hufanya vivyo hivyo. Robota la kuvutia machoni, lenye majani laini na kijani kibichi, mara nyingi limetoka kwenye mashine hiyohiyo. Sisemi mashine ni mbaya. Nasema isitumike kwa lusini iliyochanua, katika msimu wa wadudu, kwa malisho yatakayoliwa na farasi.

Kuna miaka wanakuwa wengi kupita kiasi, na sababu iko ardhini. Funza wa aina nyingi za Epicauta hula mayai ya panzi yaliyofukiwa udongoni. Panzi wakizidi mwaka huu, chakula cha funza ni tele, na mwaka unaofuata mbawakawa hujaa. Mfugaji anayekumbuka mwaka wa panzi anapaswa kuwa na wasiwasi na lusini ya mwaka unaofuata.

Wangapi wanatosha kuua farasi?

Makadirio yanayotumiwa ni nusu miligramu hadi miligramu 1 ya kantaridini kwa kila kilo ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450, basi, anaweza kufa kwa miligramu 225 hadi 450. Mbawakawa mmoja mwenye mistari anaweza kubeba miligramu 5 hivi. Ukigawanya, unapata wadudu 45 hadi 90. Weusi wana sumu pungufu kuliko hao, kwa hiyo idadi inayohitajika hupanda.

Hesabu hiyo inatuliza mtu, anaona tisini ni wengi. Kumbuka wanavyokaa: kundi zima laweza kufungwa katika pande moja la robota, huku mapande mengine yote yakiwa safi. Farasi akipewa pande lile, amepata yote kwa mlo mmoja.

Mwilini inafanya nini, na nitaona dalili gani?

Kantaridini huvuruga kazi ya vimeng'enya vinavyosaidia seli za utando kushikamana. Seli zikiachiana, utando unavimba na kuchubuka, kuanzia mdomoni, kwenye umio, tumboni hadi matumbo. Sumu inayoingia kwenye damu hutolewa na figo, na njiani huunguza figo zenyewe, kibofu na njia ya mkojo. Moyo nao huumia. Juu ya hayo, kalsiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu.

Dalili huanza baada ya saa chache. Ya kwanza kuonekana kwa kawaida ni msokoto wa tumbo: farasi anaparapara kwa kwato, anageuka kutazama ubavu, analala na kuinuka, anatoka jasho, anakataa kula. Mate yanamdondoka. Vidonda vinaweza kuonekana kwenye ulimi na ufizi, na ufizi wenyewe unageuka mwekundu wa kuiva au wa zambarau.

Dalili moja ningependa kila mchungaji wa farasi aijue: farasi anatumbukiza mdomo kwenye maji, anayachezea na kuyarusha, lakini hanywi sana. Mtu asiyejua hudhani anacheza, kumbe mdomo unamwaka moto. Nyingine ni kukojoa mara kwa mara, kidogo kidogo, kwa kujikamua, pengine na damu. Kalsiamu ikishuka sana, ubavu wake hurukaruka mithili ya mtu mwenye kwikwi, sambamba na mapigo ya moyo, na mwendo wake unakakamaa.

Si lazima zote zije. Farasi aliyekula nyingi anaweza kuanguka na kufa ndani ya saa chache bila kuonyesha zaidi ya unyonge. Wengine huteseka siku 2 au 3. Aliyevuka saa 72 ana matumaini makubwa zaidi ya kupona.

Nikimwona hivyo, nianze na lipi?

Ondoa malisho yote mbele yake na mbele ya farasi wengine waliokula robota lile, hata kama wanaonekana wazima. Piga simu kwa daktari wa mifugo hapo hapo, na umtajie neno mbawakawa. Usiseme tu "anaumwa tumbo," kwa maana msokoto wa tumbo una sababu nyingi na daktari atapoteza muda kuzipitia. Usimnyweshe mafuta ya kupikia wala dawa ya kienyeji. Kantaridini huyeyuka kwenye mafuta, hivyo mafuta yanaweza kuisaidia kupenya mwilini, na farasi mwenye maumivu anaweza kupaliwa maji ya dawa yakaingia mapafuni.

Akikojoa, kinga mkojo kwa chombo safi, uufunike na kuuweka kwenye ubaridi. Maabara huweza kuipata kantaridini humo, na mkojo wa mwanzo ndio bora, kwani baada ya siku chache sumu huwa imeshatoka. Tunza pia sehemu ya robota lenyewe.

Hakuna dawa ya kuiua sumu?

Hakuna. Daktari atapitisha mpira puani hadi tumboni na kumpa mkaa wa dawa unaonasa sumu kabla haijapenya. Atamtundikia dripu, nyingi, ili figo ziendelee kusafisha. Atarudisha kalsiamu na magnesiamu, atatuliza maumivu, na atautazama moyo. Yote hayo ni kumshikilia farasi wakati mwili wake unaitoa sumu, ndiyo maana saa moja ya kusitasita inagharimu.

Ninaponunua lusini, niulize nini?

Uliza ilikatwa wapi, na ni mkato wa ngapi. Mahali farasi anapokaa si hoja, maana marobota husafiri kwa malori hadi majimbo ya mbali ambako mbawakawa hawa si tatizo, na wenye farasi huko hawana habari. Mkato wa kwanza, wa majira ya machipuko, kwa kawaida huwahi kabla mbawakawa hawajatoka ardhini. Ya kutiliwa shaka ni mikato ya katikati ya kiangazi, Juni hadi Agosti hasa.

Uliza pia kama ilikatwa kabla ya kuchanua, na kwa mashine gani. Mkulima anayekata mapema, anayedhibiti magugu yenye maua na anayekagua shamba kabla ya kuingiza trekta atakujibu bila kubabaika. Anayekwambia "majani ni majani" mwache na majani yake. Nyasi za kawaida zisizo na maua ya kuwavutia hawa wadudu zina hatari ndogo sana, na kwa farasi asiye na kazi nzito zinamtosha.

Hata baada ya hayo, usitupe pande zima kwenye hori gizani. Lifumue mahali penye mwanga, ulikung'ute juu ya sakafu safi, utazame kilichoanguka. Kazi hiyo haichukui dakika 3.

Nimemkuta mmoja. Si nimtoe tu, niendelee kulisha?

Usifanye hivyo. Mmoja uliyemwona anakwambia kundi lilikuwa shambani, na waliopondwa hutawaona. Sitisha mkupuo wote wa marobota yaliyotoka shamba lile, mpigie aliyekuuzia, na umwonyeshe daktari mdudu huyo. Usimpe ng'ombe, mbuzi wala kondoo majani hayo kwa kuokoa hasara. Ni kweli wanaistahimili sumu hii kuliko farasi, lakini nao huugua na hufa. Punda ni ndugu wa farasi kwa hili, mlinde vilevile.

Na mimi ninayeshika marobota?

Vaa glavu na mikono mirefu. Usimponde mbawakawa kwa vidole. Majimaji yakikugusa, osha kwa sabuni na maji mengi. Lengelenge linaweza kuinuka baada ya saa kadhaa, usilitumbue. Yakiingia machoni, suuza kwa maji safi kwa muda mrefu na uende hospitali. Mtoto akimtia mdomoni, ni hospitali moja kwa moja, kwa sababu figo za binadamu huharibika sawa na za farasi. Unga wa mbawakawa hawa uliwahi kuuzwa Ulaya kama dawa ya kuamsha hamu ya mapenzi, na uliua watu. Ni kweli pia kwamba mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kantaridini kwa upele wa moluska, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na virusi, ila hiyo hupakwa na mtaalamu, kwa tone lililopimwa.

Huyu si yule Nairobi fly wetu?

Siye. Nairobi fly, aliyewatesa wakazi wa Nairobi baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, ni wa jamii ya Paederus: mdogo, mwekundu na mweusi, na sumu yake, pederini, ni nyingine kabisa. Anaunguza ngozi ukimsugua, lakini siye anayetajwa katika vifo vya farasi.

Ndugu wa kweli wa mbawakawa wa Texas waliopo kwetu Afrika Mashariki ni wale wenye mabaka meusi na ya njano au mekundu, wa makundi ya Mylabris na Coryna, wanaokula maua ya kunde na mbaazi. Nao wana kantaridini. Mkulima anayekausha mabua ya kunde kwa ajili ya punda wake na ayakate kabla ya maua kuvamiwa, au ayakung'ute vizuri na kuyaacha yalale shambani kwa muda kabla ya kuyafunga, ili walio hai wapate nafasi ya kuondoka.