Kabla sijakutengenezea katalogi, nani anapokea simu dukani kwako?

Watu wakija kwangu hapa Nasser Road, Kampala, kutaka katalogi, wengi wanatoa simu kwanza wananionyesha ya kampuni fulani ya Dubai, "bosi nataka kama hii." Naiangalia, naisifia, halafu nauliza nani anapokea simu dukani. Wanashangaa. Mimi namtaka huyo mtu, nikae pembeni yake siku mbili na daftari, niandike kila anachoulizwa na wateja, kwa sababu hayo maswali ndiyo katalogi yenyewe, hizo picha na rangi zinakuja baadaye.

Nilijifunza kwa aibu. Kuna mteja wa vifaa vya ujenzi nilimtengenezea kitu cha kung'aa kweli kweli, kitasa kimoja ukurasa mzima, nyuma nyeusi, maandishi meupe madogo, nikajipiga kifua. Wiki tatu hivi akapiga, "kijana wangu, kitabu kizuri, lakini sasa simu zimezidi." Wanunuzi wake wako Arua, Bunia mpaka Juba, wanaona picha wanapiga: hii inchi ngapi, katoni ina pisi ngapi, ni ya mlango wa kulia au wa kushoto? Kitabu kizima hakina jibu hata moja.

Chukua mabati. Ukiandika "bati la rangi" na picha basi, hujasema kitu. Fundi anataka geji, yaani namba ya unene, na mteja ambaye si fundi anadhani geji 30 ni nene kuliko 28 kwa vile namba ni kubwa, kumbe ni kinyume, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Sasa mimi naandika hivyo hivyo chini ya jedwali, "28 ni nene kuliko 30", mstari mmoja tu, na ugomvi wa kurudisha mzigo unapungua. Paipu za PPR nazo, zile za plastiki za maji, karatasi ya kiwandani inasema milimita 20, mteja anasema nusu inchi, ni paipu ile ile, basi weka zote mbili: 20 ni nusu inchi, 25 ni robo tatu, 32 ni inchi moja. Andika lugha ya mnunuzi pamoja na ya kiwanda.

Halafu kodi za bidhaa, yaani zile herufi na namba za kuagizia, si ushuru, hapa ndipo madizaina wengi wanalala. Kodi inasomwa kwenye simu, barabarani, boda zinapiga honi, sasa ukiwa na B14, D14 na P14 umejitafutia kesi maana zote zinasikika sawa. Nachagua herufi zisizofanana kwa sauti, K, M, S, na O siitumii kabisa, inachanganywa na sifuri. Namba nazo naziachia nafasi, vitasa vianze 100, bawaba 200, bidhaa mpya ikija isivuruge mpango.

Mpangilio ufuate jinsi nyumba inavyojengwa, sio alfabeti. Msingi, ukuta, paa, milango, maji, umeme, rangi. Mtu anayejenga akifungua ukurasa wa paa akute na misumari ya bati hapo hapo, atanunua vyote.

Bei usiichape ndani. Shilingi na dola hazikai mahali pamoja, na kitabu unataka kiishi mwaka. Bei iwe karatasi moja ya kuchomeka nyuma, yenye tarehe, na useme wazi kama VAT ya 18% imo au haimo, usimwache mtu ahesabu halafu aje kulia kaunta.

Picha wala hazihitaji studio. Karatasi ya manila nyeupe, mwanga wa mlangoni asubuhi, zima flashi, na weka rula pembeni ya kitu ili ukubwa uonekane. Za kuchapa ziwe dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, kwa ukubwa wake halisi, ile uliyotumiwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa, mwambie aitume kama dokumenti. Kitabu cha pini za stepla kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne, niliwahi kupeleka 42 mashineni, nikalipia mbili tupu. Na acha milimita 3 za kukatwa kila upande, kisu hakina huruma.

Katalogi ya kusomwa kwenye simu itengeneze kando, usitume tu ile PDF ya kuchapa, ni nzito na bando hapa Uganda ina ushuru wa 12% tangu Julai 2021. Facebook nayo ilifungwa Januari mwaka huo huo, mteja wako asipokuwa na VPN hakuoni, kwa hiyo mimi nategemea katalogi ya WhatsApp Business, na kodi za bidhaa ziwe zile zile za kitabuni.

Kabla ya kuchapa nampa kijana wa boda wa stejini yetu nakala ya majaribio, anavuka barabara, ananipigia aagize vitu vitatu ambavyo hajawahi kununua. Juzi viwili alipatia, cha tatu akaomba kufuli nikaandika komeo, kumbe kodi nilikuwa nimeiweka katikati ya picha mbili. Nikarudi kwenye kompyuta, ukurasa wa 17.