Udongo wa bustani Goma: hesabu bidoni, achana na kilo

Goma, mashariki mwa Kongo, tunanunua udongo. Mtu wa mashambani kama Masisi au Lubero hucheka akisikia hivyo, maana kwao udongo ni kitu cha kukanyaga tu. Lakini sehemu kubwa ya mji wetu imekaa juu ya lava, na ile iliyoteremka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipasua mji hadi ndani ya Ziwa Kivu. Aliyejenga juu yake akitaka lengalenga (mchicha) karibu na mlango wa jikoni, udongo lazima uje kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Hapo ndipo pesa inapopotea, kwa sababu wengi hawajui wameletewa kiasi gani.

Kazi yangu ni kusaidia watu kupanga bustani za nyumbani, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "Nitahitaji magunia mangapi?" Silijibu, kwa sababu gunia si kipimo. "Papa, hii ni gunia ya kilo 50, si unaona imeandikwa?" muuzaji atakuambia, na kweli imeandikwa. Ila maandishi yale yanahusu kilichokuwamo mwanzo. Kilo 50 za simenti hukaa katika lita 35 hivi. Kilo 50 za mchele zinataka lita 60 au karibu na hapo. Mifuko miwili, namba ileile, na mmoja unabeba udongo karibu mara mbili ya mwingine.

Tuseme basi mizani ipo. Bado haisaidii. Udongo wa volkano ni mwepesi, una vitundu vingi ndani, na unashika maji mengi sana. Lita 20 zake zikiwa kavu zaweza kuwa kilo 15. Zikipigwa na mvua ya Aprili zinafika kilo 25, wala hapajaongezeka hata konzi moja ya udongo. Anayelipa kwa kilo msimu wa mvua analipia maji. Huko Ulaya mifuko ya udongo wa maua huuzwa kwa lita, na sababu ni hiyohiyo.

Kwa hiyo chukua bidoni, yaani dumu, ya mafuta ya lita 20, ile ya njano, uikate juu. Usidhani bado ni ya lita 20: ukishaondoa mabega yake, imepungua. Mimina ndani chupa 10 za maji za lita moja na nusu, kisha chora mstari kwa msumari pale maji yalipofika. Hapo ni lita 15, na hicho ndicho kipimo chako. Unapojaza udongo, uache uanguke wenyewe, sawazisha kwa ubao, usishindilie na usitikise. Muuzaji akitaka kupima kwa chombo chake, sawa, lakini kipimwe kwanza kwa maji mbele yako. Wengi hukubali, anayekataa ana sababu zake.

Sasa hesabu ya tuta. Urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita, halafu zidisha kwa 1000 upate lita. Tuta la mita 2 kwa 1, kina sentimita 25, ni lita 500. Tatizo letu ni kwamba sakafu ya lava haiko sawa. Funga uzi juu ya mawe ya ukingo, kisha shusha kijiti chenye alama za sentimita sehemu tano tofauti. Ukipata 12, 31, 25, 18 na 34, jumla ni 120, wastani ni 24: hicho ndicho kina cha kutia kwenye hesabu. Pale penye 12 usipande karoti, inataka 30 hivi. Weka lengalenga au vitunguu vya majani, navyo usivipande mpaka umeinua ukingo kidogo. Nyufa za lava zizibe kwanza kwa vijiwe na gunia kuukuu, la sivyo utalisha mwamba udongo wako wote.

Udongo uliochimbuliwa umevimba. Ukimwagiliwa mara kadhaa unashuka, kwa hiyo ongeza sehemu moja juu ya kila tano. Zile lita 500 zinakuwa 600, yaani vipimo 40 vya lita 15. Wengi hukasirika wakiona tuta limeshuka na kusema wameibiwa. Mara nyingine ni kweli wameibiwa, lakini si kila mara.

Anayelima ndani ya gunia lililosimamishwa hahitaji kutafuta kipenyo. Zungusha uzi kiunoni mwa gunia, upime huo uzi kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe tena kwa kimo cha udongo, kisha ugawe kwa 12.57. Mzunguko wa sentimita 120 na kimo cha 60 unatoa kama 68,700, na kila 1000 ni lita moja, kwa hiyo lita 69 kasoro kidogo.

Kuhusu mchanganyiko: mimi hutumia bidoni tatu za udongo, mbili za samadi iliyooza vizuri, moja ya changarawe nyeusi ya volkano. Usitarajie bidoni sita. Udongo laini unaingia katikati ya changarawe, na unapata tano na kitu. Nunua ukijua hivyo.

Samadi nayo inaendelea kuoza na kupungua. Kabla ya mvua za Septemba, rudisha kijiti kwenye ukingo uone tuta limeshuka kiasi gani. Likiwa limeshuka sentimita 4 kwenye mita 2 za mraba, ni lita 80: vipimo vitano na theluthi, na msimu huo viwe vya samadi tupu.