Panda mkuyu, wageni watakuja wenyewe

Mi nipo na kitalu cha miti ya asili miaka mingi sasa, na wateja wengi wakija wanauliza mbao, kivuli au matunda ya kuuza, wa kuulizia mkuyu ni mmoja mmoja sana. Wengine wanauogopa kabisa, wanasema una majini. Kiukweli hiyo hofu ndo imeokoa mikuyu mingi mizee kwenye kingo za mito, hakuna aliyethubutu kuitia shoka, ila sasa mizee inaanguka na michanga haipandwi.

Thamani ya mkuyu iko kwenye ratiba yake. Miti mingi inazaa msimu mmoja basi, mikuyu inapishana, huu ukimaliza ule wa bondeni ndo unaiva, kwa hiyo hata kiangazi kikali kuna kitu cha kula. Mchana utaona ninga, hondohondo, shore, tumbili, jua likizama wanaingia popo na komba, matunda yanayodondoka wanaokota digidigi, na kama tawi limeinamia maji samaki nao wanayadaka.

Na lile kuyu unaloliona ni maua yaliyofungiwa ndani. Kuna nyigu mdogo sana, kama milimita 2 hivi, jike anajipenyeza kwenye kitundu mpaka mabawa yanakatikia mlangoni, anachavusha, anataga, anafia humo humo. Wanaye wa kiume wanatoka kwanza, mabawa hawana, wanapandana na majike halafu wanatoboa njia, majike wanaruka na chavua kutafuta mti mwingine wenye makuyu machanga, na wana siku moja au mbili tu za kuishi! Sasa usiogope kwamba mkuyu wako utakuwa peke yake shambani. Kwenye mto Ugab kule Namibia watafiti walionyesha mwaka 2009 kwamba upepo unawasafirisha hao nyigu hata kati ya miti iliyoachana kilomita 160.

Kupanda kwa mbegu kunataka subira. Chukua makuyu yaliyoiva vizuri, pasua, osha, anika kivulini, kisha mwaga juu ya mchanga laini uliochanganywa na mboji na USIFUKIE, mbegu ni ndogo mno na inataka mwanga, watu wengi wanakosea hapo halafu wanasema mbegu mbovu. Maji nyunyizia taratibu.

Njia rahisi ni tawi. Kata lenye unene wa kifundo cha mkono, acha utomvu mweupe ukauke kivulini, mvua zikianza chimbia vizuri. Misri huyo nyigu hayupo na mbegu hazipatikani, mkuyu wa kule umeendelezwa kwa matawi tangu enzi za mafarao, kwa hiyo hii njia imeshajaribiwa vya kutosha. Zungushia miiba maana mbuzi wanayapenda majani. Na jamani, usipande karibu na nyumba, kisima wala shimo la choo, mizizi yake haina simile, weka kando ya mto au korongo inapolika udongo.

Mmoja niliochomeka korongoni nyuma ya kitalu unazaa sasa, popo wanakesha humo usiku kucha, na chini yake masika haya nimekuta miche miwili ya mvule ambayo sikuipanda.