Don Dunstan, wakili aliyeziandika upya sheria za Australia Kusini

Sisi tunaofanya kazi ya kuandika miswada huwapima wanasiasa kwa sheria walizoacha, na kwa kile kilichozizaa sheria hizo. Kwa kipimo hicho, Don Dunstan, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Australia Kusini mwaka 1967 hadi 1968, na tena 1970 hadi 1979, ni mtu ninayemrudia kila mara. Wengi humkumbuka kwa kaptula ya waridi aliyoingia nayo bungeni mwaka 1972. Mimi kinachonishika ni kwamba sheria zake nyingi kubwa zinaweza kufuatiliwa hadi kwenye dhuluma fulani iliyokuwa ikitendeka huku sheria ikiiruhusu.

Australia ni shirikisho, na makosa ya jinai, ardhi na polisi kwa sehemu kubwa ni mambo ya majimbo. Msomaji wa Tanzania afikirie Zanzibar, yenye Baraza la Wawakilishi na sheria yake ya adhabu. Mwanasheria Mkuu wa jimbo naye ni mbunge aliyepewa uwaziri. Kwa hiyo wakili anayeingia siasa za jimbo anaweza kuyagusa maisha ya watu kuliko mwenzake aliyeko Canberra, makao makuu ya shirikisho.

Dunstan alizaliwa Suva, Fiji, mwaka 1926, wazazi wake wakiwa Waaustralia. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Adelaide, mji mkuu wa Australia Kusini, akaanza uwakili Fiji, kisha akarudi Adelaide mwaka 1951. Mwaka 1953, akiwa na miaka 26, alichaguliwa kuwa mbunge wa Norwood kwa tiketi ya chama cha Labor.

Kesi iliyomjenga haikuwa yake. Desemba 1958 mtoto wa kike wa miaka tisa aliuawa karibu na mji wa Ceduna. Rupert Max Stuart, Mwaborijini (mwenyeji wa asili wa Australia) wa kabila la Arrernte, alikamatwa, na mwaka 1959 akahukumiwa kunyongwa. Ushahidi mzito dhidi yake ulikuwa maelezo ya kukiri kosa yaliyopigwa chapa na polisi. Stuart hakujua kusoma. Mtaalamu wa lugha Ted Strehlow, aliyekulia miongoni mwa Waarrernte na kusema lugha yao, alieleza kuwa Kiingereza cha maelezo yale hakikuwa cha Stuart. Rufaa ilifika hadi kwa majaji wa London, kule kule rufaa za Kenya na Tanganyika zilikokuwa zikiishia enzi za ukoloni, ikakataliwa.

Shinikizo la umma lilipozidi, serikali ya Thomas Playford iliunda tume ya uchunguzi. Katika makamishna watatu, mmoja alikuwa jaji aliyesikiliza kesi yenyewe, na mwingine Jaji Mkuu aliyeshiriki kuitupa rufaa. Dunstan aliikemea hatua hiyo bungeni. Hapa sioni haja ya kupima maneno: mtu hawezi kuwa hakimu wa hukumu yake mwenyewe, na wakili mwanafunzi analijua hilo. Adhabu ya Stuart ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha mwaka huohuo. Mwaka 1976 serikali ya Dunstan iliifuta adhabu ya kifo jimboni.

Kabla ya hapo kulikuwa na kikwazo cha kura. Mgawanyo wa mwaka 1936 ulitoa viti 26 kwa maeneo bunge ya vijijini na 13 tu kwa Adelaide, na miaka ya 1960 Adelaide ilikuwa na takriban thuluthi mbili ya watu wote. Playford alitawala tangu 1938 hadi 1965. Dunstan aliuonja mgawanyo huo mwenyewe mwaka 1968: Labor ilipata karibu asilimia 52 ya kura lakini viti 19 kati ya 39, wapinzani wao wakapata 19, na mbunge mmoja huru akawapa wapinzani serikali. Heshima impasayo Steele Hall, aliyeingia madarakani kwa njia hiyo, ni kwamba aliona aibu ya jambo hilo na akairekebisha mipaka, ingawa ilimgharimu: Dunstan alishinda mwaka 1970.

Baraza la juu la bunge la jimbo lilibaki na kosa baya zaidi. Ili kulipigia kura ulihitaji sifa za mali. Dunstan aliliondoa sharti hilo mwaka 1973, na baadaye ikaundwa tume huru ya mipaka iliyotakiwa kuyafanya maeneo bunge yalingane kwa idadi ya wapiga kura. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kupita zote.

Akiwa Mwanasheria Mkuu tangu 1965, alimpendekeza Roma Mitchell kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo, mwanamke wa kwanza kufika ngazi hiyo Australia. Mwaka 1966 zikapita sheria mbili: moja ya kukataza ubaguzi wa rangi, ya kwanza nchini humo, na nyingine ya kuweka ardhi za Waaborijini chini ya amana yao. Mwaka 1976 Sir Douglas Nicholls aliteuliwa kuwa Gavana wa jimbo, Mwaborijini wa kwanza kushika wadhifa huo.

Mwaka 1972 mhadhiri wa sheria, George Duncan, alitupwa Mto Torrens usiku, mahali ambapo wanaume mashoga walikuwa wakikutana, akafa maji. Polisi walishukiwa. Mwaka 1975 Australia Kusini ikawa jimbo la kwanza kufuta kosa la jinai lililowaandama watu hao.

Polisi walikuwa pia chanzo cha mzozo wake mkali kabisa. Kitengo maalumu kilikuwa na majalada juu ya wanasiasa na wana vyama vya wafanyakazi, na uchunguzi ulipobaini kuwa serikali ilipotoshwa juu ya majalada hayo, Dunstan alimfukuza Kamishna wa Polisi, Harold Salisbury, Januari 1978. Maandamano yakazuka. Tume iliyoongozwa na Jaji Mitchell yuleyule iliona serikali ilikuwa na sababu za kutosha. Nakubaliana nayo: mkuu wa polisi asiyewajibika kwa waliochaguliwa hawajibiki kwa yeyote.

Mkewe wa pili, Adele Koh, alifariki kwa saratani mwaka huohuo. Februari 1979 Dunstan, akiwa mgonjwa, alijiuzulu. Aliacha bungeni muswada wa ardhi ya Wapitjantjatjara, jamii ya Waaborijini, na Labor ikashindwa uchaguzi wa mwaka huo. Serikali ya David Tonkin, ya chama pinzani, ilijadiliana upya na wenye ardhi, na mwaka 1981 ikapitisha sheria iliyowapa umiliki wa zaidi ya kilomita za mraba 100,000, yaani sehemu ya kumi ya jimbo zima.