Kiki si wachezaji: ninavyoitangaza gemu ya simu

Gemu ya kwanza niliyopewa kuitangaza niliipeleka sokoni kama sabuni: mabango, msanii mwenye wafuasi wengi, na sherehe ya uzinduzi. Ilikuwa gemu ya drafti, ileile tunayocheza vijiweni kwa vizibo vya soda. Siku hiyo watu waliipakua kweli. Wiki haijaisha, ukimuuliza mtu anakujibu, "Nimeifuta kaka, simu imejaa." Kiki tuliipata, wachezaji hatukuwaona.

Tangu hapo, mtengenezaji akinijia, habari za bajeti zinasubiri. Kwanza namuuliza: ni wapi kwenye gemu yako mtu atamgeuzia simu aliyekaa naye na kumwambia "hebu ona hii"? Akikosa jibu, namrudisha akaitengeneze hiyo sehemu, maana hata nikizimwaga hela zote kwenye matangazo sitakuwa na cha kuonyesha.

Angalia Among Us, gemu ya kumsaka muuaji aliyejificha kati ya wachezaji. InnerSloth, studio ndogo ya Marekani, waliitoa Juni 2018, ikakaa miaka miwili bila makelele. Wenyewe hawakuitelekeza, waliendelea kuiongezea ramani. Katikati ya 2020, corona imewafungia watu ndani, wanaorusha michezo mubashara Twitch wakaigundua. Mtazamaji hakuhitaji kufundishwa sheria. Kuna muuaji kati yetu, na sasa hivi anaapa kuwa si yeye! Nani asingebaki kuangalia? Agosti InnerSloth walitangaza toleo la pili, Septemba wakalifuta ili nguvu zote ziende kwenye gemu ambayo tayari watu walikuwa wanaipenda. Kwangu huo ndio uamuzi bora wa masoko katika hadithi nzima.

Flappy Bird nayo, gemu ya kupitisha ndege katikati ya mabomba, ya Dong Nguyen wa Vietnam, ilitoka Mei 2013 na kuvuma Januari 2014. Ilivumishwa na ugumu wake: mtu akifa kwenye bomba la tatu analalamika hadharani, na rafiki yake anaipakua ili amwonyeshe kazi.

Tukarudi kwenye drafti yetu. Tulikwenda kukaa kijiweni na kuangalia tu. Kelele hazikuwa za ushindi, zilikuwa za mtu kuliwa kete tatu kwa mpigo. Basi tukaiwekea gemu picha: ukila tatu, ubao unaganda, jina la aliyeliwa linatokea na maneno "Umeliwa tatu, chai juu yako", chini yake kitufe cha kutuma WhatsApp. Watu wakaanza kuaibishana kwenye status. Status inaishi saa 24, kwa hiyo kesho yake aliyeaibishwa lazima arudi kulipiza.

Dukani usilale pia. Google Play inakupa herufi 30 za jina na 80 za maelezo mafupi. Sisi tulizijaza jina la kampuni, wakati mtu anatafuta "drafti". Tukabadilisha. Tukapunguza na MB, kwa sababu bando ni hela na simu nyingi hazina nafasi. Na kama akaunti yako ya Play ni mpya na ya binafsi, utatakiwa kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuitoa gemu kwa umma. Wengi wanajaza binamu zao ili mradi idadi itimie. Mimi natafuta wacheza drafti sugu, wanaotukana gemu ikikosea, maana haohao ndio watakaoipigia debe ikitoka.

Halafu kuna Xender, programu ya kurushiana mafaili. Gemu inarushwa simu hadi simu bila bando, na dashibodi, ule ukurasa wa takwimu za gemu, haikwambii nani kampa nani. Wengine hilo linawakera, mimi nalipenda. Tuliweka tu msimbo wa mwaliko ndani ya gemu, tukaanza kuona imepitia mikono ya nani.

Yule msanii tulimrudia baadaye. Safari hii hatukumwandikia la kusema, tulimkalisha mbele ya mzee mmoja wa kijiweni, simu kwa simu, mubashara. Mzee akamtegea kete moja. Msanii akaila huku anacheka, mzee akala tatu. Kipande hicho hatukukilipia hata shilingi, na mpaka leo bado kinarudi kwenye magrupu.