Je, wajua kwa nini Arsenal iliuza nyota wake baada ya kujenga uwanja mpya?

Agosti 2012 Arsenal ilimuuza nahodha wake, Robin van Persie, kwa Manchester United. Alikuwa ametoka kufunga mabao 30 ya ligi na kuibuka mfungaji bora England. Msimu uliofuata akafunga 26, akawa mfungaji bora tena, na ubingwa ukaenda Old Trafford. Mwaka mmoja kabla yake Cesc Fàbregas alikwenda Barcelona na Samir Nasri Manchester City. Emmanuel Adebayor na Kolo Touré walishatangulia City mwaka 2009. Kuanzia Kampala hadi Mwanza, mashabiki wa Washika Bunduki walikuwa wanauliza kitu kimoja: klabu inayojaza uwanja wa watu 60,000, hela zake zinakwenda wapi?

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye uwanja wenyewe.

Arsenal ilikuwa Highbury tangu 1913. Kufikia miaka ya 1990 uwanja ule ulikuwa unaingiza watu 38,000 tu, na hapakuwa na pa kuupanulia. Jukwaa la mashariki lilikuwa jengo la kihistoria linalolindwa na sheria, na pande nyingine zilibanwa na nyumba za watu. Ilifika mahali Arsenal ikahamishia mechi zake za Ligi ya Mabingwa Wembley kwa misimu miwili, kuanzia 1998, ili ipate viingilio zaidi. Mwishowe uongozi ukachagua eneo la Ashburton Grove, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ambako palikuwa na kituo cha kukusanyia taka za manispaa. Klabu ililazimika kukihamisha kituo hicho na kukijengea mahali pengine kabla ya kuanza kazi yake yenyewe.

Uwanja huo mpya, Emirates, ulifunguliwa Julai 2006 kwa gharama ya takriban pauni milioni 390. Ukumbuke kwamba wakati ule Arsenal haikuwa na tajiri wa kutoa hundi. Ilikuwa klabu ya wanahisa wa Kiingereza, baadhi yao wa kurithi, ambao hawakuwa na desturi ya kuingiza fedha zao mfukoni mwa klabu. Kwa hiyo ikakopa pauni milioni 260 kwa kundi la mabenki, kisha mwaka 2006 mkopo huo ukageuzwa kuwa hati fungani, yaani hati za deni zenye riba, zilizouzwa kwa wawekezaji. Milioni 210 zilikuwa na riba isiyobadilika ya asilimia 5.14, na milioni 50 zilizobaki riba yake ilipanda na kushuka na soko. Malipo yalipangwa kwa zaidi ya miaka 20, na kila mwaka zilitakiwa kama pauni milioni 20.

Milioni 20 kwa mwaka hazikuwa za kuiua klabu ile. Mapato ya siku ya mechi yalipanda kutoka takriban pauni milioni 44 katika msimu wa mwisho wa Highbury hadi zaidi ya milioni 90 msimu wa kwanza wa Emirates. Viti vya daraja la juu, kama 7,000 hivi, na vyumba 150 vya matajiri vilifanya kazi kubwa. Ukitoa milioni 20 kwenye ongezeko hilo, bado chenji inabaki. Kilichobana ni vitu vitatu vilivyoambatana na deni.

Kwanza, masharti. Walionunua hati fungani walitaka uhakika, hivyo akiba ya fedha za malipo ilipaswa kukaa benki bila kuguswa. Ndiyo maana hesabu za Arsenal zilionyesha akaunti nono huku kocha Arsène Wenger akinunua vijana wa bei ya chini. Wenger mwenyewe alikuja kusimulia kwamba mabenki yalitaka asaini mkataba wa miaka mitano ndipo yatoe fedha. Kocha alikuwa sehemu ya dhamana! Kwa mkopeshaji, kocha anayeipeleka timu Ligi ya Mabingwa kila mwaka ni salama kuliko tofali.

Pili, wadhamini. Mwaka 2004 shirika la ndege la Emirates lilitoa pauni milioni 100, likapata haki ya jina la uwanja kwa miaka 15 na kifua cha jezi kwa miaka 8. Sehemu kubwa ililipwa mapema ili kusaidia ujenzi. Ni sawa na mwenye nyumba anayechukua kodi ya miaka kadhaa ili amalizie paa: paa linakamilika, lakini mtaa ukipanda bei yeye anabaki anatazama. Na mtaa ulipanda kweli. Wapinzani wakasaini mikataba minono ya jezi, Arsenal ikiwa imefungwa na ya zamani.

Tatu, nyumba. Highbury yenyewe iligeuzwa kuwa mamia ya fleti, na uwanja wa nyasi ukawa bustani yao. Mradi huo ulikuwa na mkopo wake mbali, na soko la nyumba likaanguka mwaka 2008, wakati fleti zinakaribia kukabidhiwa. Mei mwaka huo deni halisi la klabu, yaani baada ya kutoa fedha ilizokuwa nazo, lilifikia takriban pauni milioni 318. Fleti ziliuzwa hatimaye na mkopo huo ukamalizwa mwaka 2010, ila miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya roho mkononi.

Haki itendeke: si kila aliyeondoka aliondolewa na deni. Van Persie na Nasri walikuwa wamebakiza mwaka mmoja wa mkataba na hawakutaka kuongeza. Ila kulikuwa na klabu za kuwalipa zaidi, Chelsea ya Roman Abramovich tangu 2003 na City ya Abu Dhabi tangu 2008, na Arsenal haikuweza kushindana nazo kwa mishahara. Isitoshe, fedha za televisheni zilipaa kiasi kwamba faida ya kuwa na uwanja mkubwa ikapungua uzito. Dau lilikuwa la busara lilipowekwa, mchezo ukabadilika katikati.

Nafuu ilikuja mikataba ilipofunguliwa. Emirates ilisaini upya Novemba 2012 kwa pauni milioni 150, na Puma ikaingia kutengeneza jezi mwaka 2014. Kabla hata jezi za Puma hazijavaliwa, Mesut Özil alikuwa ameshanunuliwa kwa pauni milioni 42.5, na Mei 2014 ukame wa miaka tisa bila kombe ukaisha. Mwaka 2018 mkono wa jezi ukauzwa pia, ukabeba tangazo la utalii la Rwanda.

Wakati huohuo mwenye mali alikuwa anabadilika. Mmarekani Stan Kroenke alianza kununua hisa 2007, akapata wingi wa hisa 2011, na mwaka 2018 akamlipa mwanahisa mkubwa mwenzake, Alisher Usmanov, pauni milioni 550 kwa asilimia 30 zilizobaki mkononi mwake. Wanahisa wadogo, wakiwemo mashabiki wenye hisa moja moja, walilazimishwa kuuza kwa zaidi ya pauni 29,000 kwa hisa. Wakapoteza nafasi ya kusimama kwenye mkutano mkuu na kuwauliza wakurugenzi maswali.

Mwaka 2020, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, kampuni ya Kroenke ililipa hati fungani zote kabla ya muda. Deni halikufutwa, lilihamia kwa mwenye klabu, na masharti ya wakopeshaji wa nje yakaondoka nalo. Miaka mitatu baadaye Declan Rice alinunuliwa kwa pauni milioni 100, na hesabu za mwaka huo zilionyesha Arsenal ikidaiwa na mmiliki wake zaidi ya pauni milioni 250. Ni karibu kiasi kilekile ilichokopa kujenga uwanja.