Wali wa kuku wa Hainan: onja wali kwanza

Anayeletewa sahani hii mara ya kwanza huuliza: hiki si chakula cha mgonjwa? Kuku mweupe pe, hana alama ya moto, vipande vya tango pembeni, wali mtupu. Hata mimi niliuliza. Leo, baada ya miaka jikoni, sahani hiyo naihukumu kwa wali wake kabla sijamgusa kuku.

Nachota kijiko kimoja, bila pilipili wala soya. Kama mpishi anaijua kazi yake, punje zimesimama moja moja, zinang'aa kidogo, na harufu ya kuku imo ndani ya punje yenyewe. Siri ni shahamu. Ile mafuta ya manjano karibu na mkia haitupwi; huyeyushwa taratibu, humo vikakaangwa vitunguu saumu na tangawizi, kisha mchele uliooshwa na kuchujika vizuri ukageuzwageuzwa hadi kila punje ipate mafuta. Ndipo humiminwa supu ya kuku yuleyule, pamoja na fundo la majani ya pandani, ndugu wa mkadi wetu wa pwani. Supu ikizidi, umepika bokoboko. Kule Malaka, mji wa Malaysia, wali huu hufinyangwa madonge. Wenyewe wanayapenda, mimi naona yanaziua punje.

Kuku sasa. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumtokosa kama kuku wa mchuzi. Ngozi ikapasuka, kidari kikawa nyuzi kavu. Maji yanatakiwa yawe kwenye nyuzi 80 hadi 85 za Selsiasi, yakitikisika tu bila kutokota. Kuku wa kilo moja na nusu huchukua kama dakika 45. Kipimajoto kikisoma 74 ndani ya paja, mtoe umzamishe kwenye maji ya barafu. Baridi hiyo ya ghafla huzuia nyama isiendelee kuiva, na ute ulio chini ya ngozi huganda. Kisu kikipita, utauona: utando mwembamba unaotetemeka kati ya ngozi na nyama. Wateja wengine huona wekundu mfupani wakarudisha sahani. Ni rangi ya uboho wa kuku mchanga, si ubichi.

Ubahili huu wa kutotupa kitu una historia. Watu wa kisiwa cha Hainan, kusini mwa China, walifika Singapore na Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, wakati wahamiaji wengine wa Kichina walishashika biashara zenye faida, na wengi wao wakaishia jikoni kwa Waingereza. Kwao walikuwa na kuku wa Wenchang, mji wa kisiwani humo, ambaye pia hupikwa kwa maji. Ugenini, kuku mmoja akatoa nyama, mafuta, wali na bakuli la supu.

Supu hiyohiyo huingia hata kwenye pilipili: pilipili nyekundu, saumu, tangawizi, ndimu, na vijiko viwili vitatu vya supu ya moto ili ukali usiume koo. Ikitoka kwenye chupa ya dukani, naijua kabla sijaionja, kwa utamu wake wa sukari na jinsi inavyonata kwenye kijiko. Hapo huimalizia sahani yangu kwa tangawizi na chumvi tu.